Mtoto Anayekoroma: Tukate au Tungoje?

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia za sharika za Kibondo na Kasulu



Tumeombwa tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani mtoto anayekoroma usiku. Kati ya maombi ya msaada wa matibabu yanayoletwa na sharika, yapo yanayorudi kila robo mwaka yakiwa na maneno yale yale: mtoto ana nyama za puani, inatakiwa apasuliwe, familia haina uwezo. Kamati inasaini, mchungaji anapiga muhuri, barua inatufikia. Tukiuliza ni daktari gani amemwona mtoto, mara nyingine tunaambiwa hakuna, jirani ndiye aliyesema kwa kuwa mwanawe alikuwa hivyo hivyo. Na mara nyingine barua inakuja baada ya mtoto kukatwa kimio kijijini, hali haijabadilika, ndipo hospitali inakumbukwa.

Sisi ni watu wa miradi, si madaktari, na hakuna kamati ya usharika inayoweza kuamua nani apasuliwe. Hata hivyo fedha tunazogawa zinaamua, tupende tusipende. Anayelipiwa nauli anafika kwa bingwa, asiyelipiwa anabaki na fundi wa kijijini. Kwa hiyo ni vema wote tuelewe tunacholipia.

Tuanze na hizo nyama zenyewe. Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, mahali ambapo huwezi kupaona hata mtoto akipanua kinywa kiasi gani, Mungu ameweka tezi laini ambayo madaktari huiita adenoidi. Ni ndugu wa mafindofindo, yale mawili yaliyo pembeni mwa koo. Kazi yake ni kutambua vijidudu vinavyoingia na hewa na kuusaidia mwili wa mtoto kujifunza kupigana navyo. Kila mtoto anayo. Kusema tu kwamba mtoto ana nyama za puani ni sawa na kusema mtoto ana masikio. Linalotakiwa kuulizwa ni kama tezi imekuwa kubwa kupita nafasi iliyopo. Nayo hukua katika miaka ya mwanzo, huwa kubwa zaidi mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 7, halafu huanza kusinyaa, na kwa kijana mara nyingi haipo tena au imebaki kidogo sana. Wakati huo huo uso wa mtoto unakua na njia ya hewa inapanuka. Ndiyo maana yupo mtoto wa miaka 4 anayekoroma leo ambaye akifika darasa la tano atakuwa amenyamaza, bila kisu chochote.

Tungeishia hapo semina ingekuwa fupi sana. Lakini wapo watoto ambao kungoja kunawagharimu, nao ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni wa masikio. Karibu na tezi hiyo kuna mlango wa mrija mwembamba unaopeleka hewa kwenye sikio la kati. Mrija ukishindwa kufanya kazi, maji mazito hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto huyu mara nyingi hana homa wala halii kwa maumivu, na kwa sababu hiyo hakuna anayehangaika naye. Hasikii vizuri, basi. Daktari wa Copenhagen, Denmark, aitwaye Wilhelm Meyer, ndiye aliyeeleza mwaka 1868 jinsi tezi hii inavyoziba na kuathiri hata kusikia, akaanza kuiondoa. Kwetu leo mtoto huyo anakaa nyuma katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu anamwita mara tatu haitikii, anaandikwa mtukutu au mzito wa akili. Kanisa letu linajua gharama ya kutosikia. Dayosisi ya Pare ina Shule ya Viziwi Mwanga, na waliowahi kuitembelea wameona ni kazi kubwa kiasi gani kumfundisha mtoto asiyesikia. Huyu wetu si kiziwi. Amezibwa tu, na anaweza kuzibuliwa.

Wa pili ni wa usingizi. Hapa tunaomba wazazi wasikilize kwa makini, maana si kila koromo ni ugonjwa. Mtoto mwenye mafua hukoroma, na mafua yakiisha hunyamaza. Anayetutia wasiwasi ni yule anayekoroma kila usiku, wiki baada ya wiki, hana mafua, kisha katikati ya koromo ananyamaza kimya, kifua na tumbo vinahangaika lakini hewa haiingii, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama aliyetoka majini. Analala shingo imepindika nyuma, kinywa wazi, jasho linamtoka hata usiku wa baridi ya Heru Juu. Wengine hukojoa kitandani wakati walikwisha acha. Mchana anasinzia, au kinyume chake hatulii hata dakika moja. Mtoto asiyelala vizuri anaweza kudumaa, na hali ikiwa mbaya kwa muda mrefu hata moyo huelemewa. Huyu hatakiwi kungojewa mpaka afike darasa la tano. Na ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa au midomo inabadilika rangi, usiandike barua kwa kamati, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa tuzungumzie kimio, maana huku kwetu kisu cha kwanza si cha hospitali.

Wote hapa mnalifahamu jambo hili, na baadhi yetu tuliomo humu ndani tulikatwa tukiwa wachanga. Mtoto anakohoa kikohozi kisichokwisha, anatapika, hanyonyi vizuri, haongezeki uzito, au anakoroma. Mtu mzima wa nyumba anaangalia kooni, anaona kimio kimening'inia, anasema kimekuwa kirefu. Fundi anaitwa na wembe wake au kisu kilichopinda. Desturi hii ipo sehemu nyingi za Tanzania, ipo kwa jirani zetu Burundi na Rwanda, ipo Ethiopia, ipo hata Niger na Nigeria, kwa hiyo asije mtu akasema ni ushamba wa Waha peke yao. Vivyo hivyo kwa kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo ni meno ya kweli ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi.

Kwa habari ya koromo, kukata kimio hakufungui kitu. Kimio kinaning'inia mwisho wa kaakaa, mnakiona mtoto anapolia. Tezi tunayoizungumzia iko juu na nyuma ya kaakaa, kwenye chumba kingine kabisa. Ni kama mlango wa mbele umekwama, na fundi anaitwa kukata kamba ya kuanikia nguo uani. Katika mwili wa mtoto, kukata huku ni hatari. Mtoto anaweza kutokwa damu hadi kufa. Kidonda kinaweza kuoza. Pepopunda huingia kwa wembe mchafu, na wembe mmoja ukizunguka kwa watoto wa ukoo mzima unaweza kuwapelekea virusi vya UKIMWI. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi za watoto za ukanda huu atawaeleza kwa undani kuliko sisi.

Pamoja na hayo, hatupendi jinsi baadhi ya wahamasishaji wanavyomsema bibi. Bibi anaamka usiku na mtoto. Bibi ndiye aliyesikia pumzi imekatika, wala si daktari. Fundi anaishi kijiji hicho hicho, anakuja nyumbani, anapokea kuku, na hamwambii mtu arudi Jumatano. Hospitali yenye bingwa iko mbali, mama akifika hajui aanzie dirisha gani. Ukimtukana bibi atakuitikia, "Ndiyo mwanangu," na usiku ule ule fundi ataitwa. Ni afadhali umwambie, "Bibi, ulichosikia ni kweli, tunaomba uendelee kukisikiliza na utuhesabie." Tutalirudia hilo punde.

Kuna jambo jingine kuhusu kimio ambalo wengi hawalijui, nalo linagusa uamuzi wa upasuaji moja kwa moja. Daktari mzoefu kabla ya kukubali kuondoa adenoidi huangalia kimio na kaakaa. Kimio kikiwa kimegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka, huenda kaakaa laini halikuungana vizuri kwa ndani ingawa kwa juu linaonekana zima. Mtoto wa namna hiyo huitegemea adenoidi yake kuziba njia ya pua anapozungumza na kumeza. Ikiondolewa yote, sauti inaweza kuanza kutokea puani na maji anayokunywa kurudi puani. Kimio kikiwa kimekwisha kukatwa, daktari amepoteza alama hiyo. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake alikatwa asione haya, amwambie daktari mapema, na kamati iandike hivyo kwenye barua.

Turudi kwenye swali la nani apasuliwe. Upasuaji wenyewe si mkubwa kama watu wanavyouogopa. Mtoto anapewa dawa ya usingizi, tezi inaondolewa kwa kupitia kinywani, hakuna kidonda usoni, na mara nyingi kazi yote haizidi nusu saa. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Lakini dawa ya usingizi ni dawa ya usingizi, na koo linaweza kutoka damu, siku ile au siku kadhaa baadaye. Mtoto aliyerudi nyumbani Busunzu au Mabamba akianza kutoka damu usiku yuko mbali na chumba cha upasuaji. Pia kwa mtoto mdogo sana tezi inaweza kuota tena. Mtoto mwenye selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, anahitaji matayarisho ya pekee kabla ya kulazwa, nao ni watoto ambao tezi zao huwa kubwa mara nyingi. Asiyejulikana hali yake apimwe kwanza.

Mnaweza kushangaa tukiwaambia kwamba hata nchi zenye mabingwa wengi zimewahi kukata kupita kiasi. Mwaka 1934 huko New York, Marekani, wachunguzi walichukua watoto wa shule 1,000 wa umri wa miaka 11. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kuondolewa mafindofindo. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 waondolewe. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine ambao hawakuambiwa lolote, wakachagua 99. Waliobaki 116 wakapelekwa kwa wengine tena, wakachaguliwa 51. Mwishoni katika watoto 1,000 walibaki 65 tu ambao hakuna daktari aliyetaka kuwakata. Hayo yalikuwa mafindofindo, lakini somo linahusu adenoidi vilevile. Daktari akiangalia koo peke yake, bila habari za usiku na za darasani, anakisia.

Siku hizi utafiti umeendelea. Uholanzi walichapisha mwaka 2011 habari za watoto 111, wa umri wa mwaka 1 hadi 6, ambao walikuwa wameandikiwa kuondolewa adenoidi kwa sababu ya mafua na maambukizi ya mara kwa mara. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likangojewa na kuangaliwa. Waliopasuliwa waliugua karibu mara 8 kwa mwaka. Waliongojewa nao waliugua karibu mara 8 kwa mwaka. Kwa hiyo barua inayosema tu kwamba mtoto ana mafua yasiyoisha, kwa maoni yetu, si barua ya upasuaji. Ni barua ya kuangalia jiko la kuni linalofuka moshi ndani ya nyumba anamolala, kuangalia kadi ya kliniki kama amemaliza chanjo, pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini Januari 2013, na kumpeleka zahanati.

Lakini kwa wale wa usingizi habari ni tofauti. Marekani walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wanaokatika pumzi usingizini, bila kuwaingiza wale ambao hali yao ni mbaya sana. Nusu waliondolewa adenoidi na mafindofindo mapema. Baada ya miezi 7, kati ya kila 100 waliopasuliwa, 79 usingizi wao ulipopimwa ulikuwa umerudi sawa. Kati ya kila 100 walioangaliwa tu, 46. Tabia na usingizi viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa kwenye mtihani wa umakini hawakuwazidi wenzao. Tazameni namba zote mbili. Upasuaji unasaidia, hilo halina ubishi. Na karibu nusu ya waliongojewa walipona bila kisu.

Denmark nao mwaka 2018 walitoa uchunguzi wa kumbukumbu za watoto wapatao milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1979 na 1999. Walioondolewa tezi hizi kabla ya kufikisha miaka 9 walionekana kuugua zaidi magonjwa ya njia ya hewa ukubwani. Hiyo haithibitishi kwamba upasuaji ndio uliosababisha, maana huenda walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Inatosha kutufanya tusiione tezi hii kuwa uchafu wa kutupwa.

Basi kamati ifanye nini barua ikija? Tunaomba kwanza muulize habari za nyumbani. Mama au bibi, yeyote anayelala na mtoto, ahesabu kwa wiki kadhaa ni usiku mangapi amekoroma na ni usiku mangapi pumzi imekatika. Alama za mkaa ukutani zinatosha, na tumeziona nyumba zilizofanya hivyo. Mwenye simu ya kurekodi amrekodi mtoto akiwa amelala. Dakika mbili za picha hiyo zitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya barua yetu. Kisha mwalimu aulizwe kama mtoto anaitikia akiitwa kutoka nyuma yake bila kuona kinywa cha anayemwita. Kisha mtoto aonwe kwenye kituo cha afya, masikio yaangaliwe. Maji ya sikioni mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3, kwa hiyo daktari akisema mrudi baada ya miezi 3, hajawafukuza. Wapo pia watakaopewa dawa ya kupulizia puani kwa wiki kadhaa, na baadhi hufunguka kwa hiyo tu.

Hapa tuwape tahadhari mbili. Mtoto anayetoka usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza kitu. Tuliwahi kuletewa barua ya upasuaji ya mvulana wa upande wa Kibondo, na kituo cha afya kikamtoa punje ya harage iliyokwisha kuanza kuota. Msaada wote uliohitajika ulikuwa nauli ya bodaboda. Tahadhari ya pili ni kijana wa kiume aliyebalehe ambaye pua imeziba na anatokwa damu nyingi puani mara kwa mara. Huyo asiitwe wa nyama za puani na asiguswe na mtu yeyote asiye bingwa, maana inaweza kuwa uvimbe wa aina nyingine unaotoa damu vibaya sana.

Baada ya hapo ndipo safari. Hospitali za wilaya za Kibondo na Kasulu, pamoja na Kabanga na Heri, ndizo pa kuanzia, kisha Maweni pale Kigoma mjini. Tangu mwaka 2024 serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa mpaka hospitali za wilaya. Kamati zifuatilie matangazo na kuuliza kama safari hiyo yumo bingwa wa masikio, pua na koo, maana kumwona wilayani kunaiokolea familia safari ndefu. Wakielekezwa mbele zaidi ni Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo kanisa letu linaihudumia. Kutoka Kibondo hiyo si safari ya kwenda na kurudi. Mama anakwenda na mtoto, pengine na mwingine mgongoni, anahitaji kula, anahitaji pa kulala, na kama ni Novemba shamba la mahindi linamngoja. Familia zimeuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa ili zipate nauli. Ndiyo maana tunasema gharama kubwa ya upasuaji huu kwetu mara nyingi haiko kwenye risiti ya hospitali.

Kuna suala la nani anaamua nyumbani. Mama anatuambia, "Baba yake yuko Kaliua kwenye tumbaku, siwezi kukubali apigwe nusu kaputi bila yeye." Tunaliheshimu hilo, na tusimtume mama peke yake Mwanza akafike mezani kwa daktari akashindwa kusaini. Mzee wa kanisa ampigie baba simu kabla ya safari, azungumze naye kama ndugu, na mama mkwe awepo anasikia. Wapo pia wanaosema tumwachie Mungu. Tunaomba pamoja nao, na tukimaliza kuomba tunauliza gari linaondoka saa ngapi.

Tuwaambie wafadhili wetu nao, maana wako hapa na wengine watasoma. Mtoto aliyepasuliwa anapigwa picha, anaandikwa kwenye taarifa, namba inapanda. Mtoto aliyepelekwa kwa bingwa, akaangaliwa, akaambiwa angoje, hana picha. Mzazi anarudi kijijini anaona haya, watu wanamwambia amekwenda bure, na mwaka unaofuata kamati inaogopa kumlipia mwingine. Sisi tunaona safari hiyo haikuwa ya bure hata kidogo. Kwa msingi huo tumeamua kwamba msaada wa kwanza utakuwa wa uchunguzi, nauli ya kwenda na kurudi, kwa mtoto na mzazi, bila kujali daktari atasema kata au ngoja. Msaada wa upasuaji utafuata kwa barua ya bingwa. Katika taarifa zetu waliongojewa watahesabiwa kwenye safu yao wenyewe, na tutaomba kila usharika uwatembelee baada ya miezi 3 na baada ya miezi 6, kwa sababu mtoto aliyengojewa bila kutembelewa amesahauliwa tu.

Tunaye msichana wa miaka 6 wa upande wa Makere ambaye barua yake ya kwanza ilisema anakoroma. Mwalimu alipoulizwa alisema haitikii akiitwa. Masikio yote mawili yalikuwa na maji. Akangojewa miezi 3, maji yakawa bado yapo, akapelekwa Mwanza, akaondolewa adenoidi na masikio yakatolewa maji. Mama yake alitueleza kwamba siku ya tatu baada ya kurudi, mtoto aliuliza ile sauti juu ya nyumba ni ya nini. Ilikuwa mvua kwenye bati. Mdogo wake mwenye miaka 3 naye anakoroma. Amechunguzwa, masikio yake ni mazima, pumzi haikatiki, na bibi yake anaendelea kuweka alama za mkaa ukutani. Fundi hajaitwa.

Fomu mpya zina nafasi ya idadi ya usiku, maneno ya mwalimu, hali ya kimio, kipimo cha sikoseli, na namba ya simu ya baba kama hayupo nyumbani. Ziko mezani kwa mhasibu, kila usharika uchukue 10. Ombi lililokwisha kuletwa kwa fomu ya zamani halitakataliwa, ila tutawapigia simu kuuliza yaliyokosekana. Ndugu wa Mabamba na Kifura, kwa kuwa mnawahi gari la jioni, chukueni za kwenu kwanza.